Ujira wa Tabora

Tabora ni mbwa. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wakisikia nasema Tabora ametupa mimba mara mbili, wanashika kichwa na kunipa pole ya binti. Pole naipokea, lakini wacha nieleze.

Tulipopanda malori kurudi Burundi mwaka 2009, tukitoka kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, marehemu mume wangu Nazario aliacha kitanda kizuri cha mninga ili apate nafasi ya kikapu kimoja. Ndani ya kikapu, chini ya kanga yangu ya njano, kulikuwa na kitoto cha mbwa jike, rangi ya udongo, kifua cheupe, mkia umejikunja kama mpini wa kikombe. Nilimsema tangu Tabora mpaka mpakani. Yeye akajibu kwamba kitanda atachonga kingine, lakini ukoo wa mbwa hauchongwi.

Huyo ndiye mama mkuu wa Tabora. Kila kizazi jike mmoja alibaki kwetu Mwakiro, wengine wakagawiwa. Wa kwetu wakazaa, wa watu wakafa: huyu kwa sumu, yule kwa gari, mwingine akafuata wawindaji na hakurudi. Nazario alipokuwa mgonjwa, aliniomba mambo mawili. La kwanza nisiuze shamba la chini. La pili nisiache ukoo ule wa mbwa ukatike. Shamba lipo. Lakini mbwa alikuwa amebaki Tabora peke yake, miaka mitano, na nyuma yake hakuna mtu.

Mimba ya kwanza ilitoka wakati wa kuvuna maharage. Ya pili ilitoka karibu na Noeli. Zote mbili tumbo lilikuwa limeshakua, chuchu zimejaa, nimeshatandika magunia nyuma ya jiko. Kisha asubuhi namkuta amejilaza, anajilamba, hataki kunitazama, na kwenye gunia kuna vitu ambavyo sitaviandika.

Mwanangu Fredi alisema tumwache mbwa wa watu azeeke kwa amani. Angesema zaidi, lakini alikuwa anaumwa. Homa ilikuwa inampanda jioni, inashuka asubuhi, shati linalowa jasho mpaka mkewe Jeska analikamua. Mara tatu alipewa dawa za malaria, na mara tatu homa ilirudi.

Mimi sikukubali. Nikampigia Mushagalusa.

Mushagalusa ni mfanyabiashara, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anakaa Gitega na kila wiki anakuja Muyinga na lori lake dogo kununua maharage. Anapenda mbwa kuliko watu wengi wanavyopenda watu. Ana dume lake, Komando, mwenye kifua kama mlango. Tulikubaliana kwamba Tabora akianza joto nimpeleke Gitega, na tangu siku hiyo akaacha kuniita mama akawa ananiita bamukwe, mkwe wake, na kuniuliza kwenye simu kama bibi harusi anakula vizuri.

Tone la kwanza la damu lilionekana Jumatatu. Jumanne nilikuwa juu ya baiskeli ya kukodi, Tabora mbele yangu ndani ya kikapu cha mihogo, mpaka Muyinga, na pale tukapanda lori la Mushagalusa juu ya magunia. Nilikuwa na haraka kwa sababu mbuzi ndivyo alivyo: joto lake siku moja, mbili, ukichelewa umekosa. Nilimhesabia mbwa hesabu ya mbuzi. Hilo lilikuwa kosa, lakini ndilo lililokuwa dogo.

Kwa Mushagalusa, Gitega, tulimkuta mpwa wake, Apolline, daktari wa mifugo, msichana mwembamba mwenye gumbuti miguuni na kalamu kwenye nywele. Komando alikuwa anabweka nyuma ya nyumba. Mushagalusa akataka kumfungulia. Apolline akamzuia kwa kidole kimoja.

Akaniketisha kwenye kreti ya bia, akaniita koko, ndivyo kwao wanavyomwita bibi, na akaanza kuuliza. Kwanza akanifundisha kwamba nimekuja mapema. Mbwa anatoka damu siku tisa, kumi, kabla hajawa tayari. Damu ikififia iwe kama maji ya kuoshea nyama, na ukimgusa kiuno akaupeleka mkia pembeni mwenyewe, hapo ndipo. Nikacheka, nikasema kumbe wale madume wa Mwakiro Tabora alikuwa akiwauma kwa haki yake.

Kisha akauliza mimba zilitoka siku ya ngapi. Nikakisia, mwezi na nusu. Akauliza nampa nini. Nikamwambia ugali, maharage, vichwa vya ndagala, yaani dagaa, mfupa siku za sikukuu. Na mbuzi akizaa, kondo la nyuma. Hiyo ni desturi ya Nazario. Alikuwa akisema anayelinda zizi ana ujira wake, na ujira wa mlinzi ni kondo la mbuzi. Analibeba mwenyewe kwa mikono, anamwekea mbwa, anamwambia: chukua, umefanya kazi.

Apolline akaacha kuandika.

"Koko, na hizo mbuzi, ziko zinazaa bien? Hakuna iliyotupa mimba?"

Nikasema hapana.

Hiyo haikuwa kweli, na lazima nieleze kwa nini mwanamke wa umri wangu, mshika biblia, alidanganya juu ya mbuzi.

Mbuzi wetu ni wa mnyororo. Kwenye mlima wetu, ndivyo huku tunavyoita kijiji, tuna kikundi: mtu anapewa mbuzi jike, na mtoto jike wa kwanza si wake, ni wa anayefuata kwenye orodha. Hivyo anayekosa leo atapata kesho, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Sisi tulipewa na Audax, mwenyekiti mwenyewe. Baada yetu anafuata Kasilda, jirani yangu, mjane, ambaye alishajenga zizi na kulifagia kabla hata mimba ya mbuzi wake haijatungwa. Mbuzi wetu alipotupa mimba mara ya kwanza, Fredi aliogopa. Sisi tumetoka Tanzania, bado kuna wanaotuita wageni. Watasema tumeuza mtoto wa Kasilda. Basi tukaficha. Nilichukua kile kilichotoka, kondo na kitoto kisicho na manyoya, na kabla watu hawajaamka nikampa Tabora. Mbwa hasemi. Mbuzi alipotupa tena mwaka uliofuata, nikafanya vilevile. Fredi ndiye aliyemsaidia mbuzi, kwa mikono mitupu.

Apolline hakubishana nami. Alimtoa Tabora damu mguuni, akaenda ofisini kwao, akarudi na kibamba cheupe ili nione mwenyewe. Alikuwa amechanganya tone la damu na tone la dawa ya rangi ya waridi. Tone la mbwa mzima, lile alilokuja nalo la kulinganisha, lilikaa laini kama maziwa yenye rangi. La Tabora lilikatika vipunje vipunje, kama maziwa yaliyoharibika juu ya moto.

Akasema ni ugonjwa wa kutupa mimba. Una jina lake la Kifaransa, refu. Unakaa kwenye tumbo la uzazi, unangoja mimba ikue, halafu unaiangusha. Na haukuanzia kwa mbwa.

Pale Mushagalusa akasogea nyuma, akamtazama Komando, akasema kwa huzuni ya mzaha, "Bamukwe, mi nilifikiri unaniletea bibi harusi, kumbe unaniletea mugonjwa." Apolline akamwambia kama angefungua ule mlango tulipofika, Komando naye angeweza kuupata, na kila jike wake baada ya hapo.

Mimi nilikuwa natazama vile vipunje. Napenda vitendawili, na Mwakiro watoto wananijua kwa hilo. Waliotoka Tanzania nikisema kitendawili wanajibu tega. Waliozaliwa hapa wanataka niseme kwa Kirundi sokwe, wao wajibu niruze. Nasema vyote viwili ili asikasirike mtu. Lakini siku ile mpwa wa Mushagalusa ndiye aliyenitegea, sijui kama alijua anatega.

"Koko, kuna kitu kinatoka kwa mbuzi, kinaingia kwa mbwa, kinaweza kulaza mtu na homa miezi, na hakuna anayekiona kikipita. Nani alikipitisha?"

Jibu lilikuwa mikono yangu. Nikaitazama hapo juu ya magoti. Nikamwambia yote: mbuzi, mnyororo, Kasilda, Fredi na homa yake.

Hakunikemea. Alisema tu kwamba Fredi aende hospitali kesho, amwambie muuguzi habari ya mbuzi, wampime hilo. Maziwa yachemke mpaka yapande. Zizini mtu aingie na mifuko ya plastiki mikononi, na kinachotoka kwa mbuzi kifukiwe kirefu na chokaa juu yake. Nikamuuliza juu ya Tabora.

"Sitakudanganya. Wenzangu wengi wangesema tumufunge uzazi. Ugonjwa huu unapenda kurudi. Lakini hii ni ya mbuzi, si ile ya mbwa kwa mbwa, na yeye iko na nguvu. Tutamupa dawa, joto hili lipite bure, na nitamupima mara mbili. Ikionekana hata kipunje kimoja, basi, Koko, tunaacha. Unakubali?"

Nikakubali. Kwenye lori la kurudi nilimshika Tabora mapajani, na sikuwa na kitendawili chochote.

Sasa kazi ya kusema. Kikundi chetu kinakutana Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja nyuma ya kanisa, kila mtu na kiti chake. Fredi aliniomba nisubiri apone kwanza. Nikamwambia wakati tunasubiri, Audax anagawa watoto wa mbuzi. Nikasimama. Mguu wangu mmoja, ule mbovu, ulikuwa unauma, nikauegemeza kwenye kiti. Nikasema mbuzi wetu ametupa mimba mara mbili na tulificha, na kwamba mtoto wa Kasilda hakuuzwa, hakuliwa na watu, aliliwa na mbwa kwa mkono wangu, na mbwa ameugua, na Fredi ameugua.

Kasilda alikuwa amekaa mbele yangu. Akageuza kiti chake, taratibu, akamtazama Audax.

Audax ni mwanaume mnene asiyependa kusimama. Siku ile alisimama. Akavua kofia. Akasema mama wa mbuzi wetu, yule wa zizini kwake, alitupa mimba mwaka mmoja kabla sisi hatujapewa wetu, na yeye kama mwenyekiti alifikiri hawezi kuanza mnyororo kwa aibu. Baada yake akainuka mwanamke mwingine, na mwingine tena. Watu wanne. Kila mmoja alikuwa anaamini ni yeye peke yake, na kila mmoja alikuwa amefukia, ametupa mtoni, amempa mbwa.

Ndipo Kasilda akasema, bila kupaza sauti, "Mama Fredi, mi nilikuwa nafikiri unaninyima." Nikamwambia najua. Akasema zizi lake amelifagia miaka miwili. Nikamwambia hilo pia najua, kila asubuhi nasikia ufagio. Hakunisamehe siku ile. Lakini kiti changu alinibebea mpaka nyumbani, kwa sababu mguu ulikuwa bado unauma.

Madaktari wa mifugo walikuja na vibamba vyao vyeupe, Apolline akiwa mmoja wao, wakapima mbuzi wa mlima mzima. Waliokuwa na vipunje walichinjwa kwa utaratibu wao. Wetu naye alikwenda. Mnyororo ulisimama. Na Fredi hospitali walimkuta na jambo lilelile, wakampa vidonge vya wiki sita na sindano.

Basi ikawa hivi: saa moja asubuhi na saa moja jioni, Fredi anameza chake kwa chai, Tabora anameza chake ndani ya donge la ugali. Jeska akawa anasimama mlangoni na kuuliza mgonjwa gani leo atakuwa mtiifu. Siku nyingi alikuwa mbwa. Fredi alilalamika vidonge vinamchoma kifua, na mama yake hamfungii kwenye ugali. Lakini wiki ya tatu shati lake liliamka kavu. Jeska alilitundika kwenye kamba nje, kavu hivyo hivyo, ili nilione nikitoka.

Joto la Tabora likapita bure, yeye amefungwa ndani, madume ya Mwakiro yakiimba kwenye ua kama kwaya. Apolline akampima. Tone laini. Miezi mitatu akampima tena. Tone laini. Alinipigia simu akaanza na habari za mvua kabla ya kusema, na mimi kwa ile mvua nilizeeka miaka miwili.

Joto jipya lilipoanza, sikukimbia. Nilihesabu. Siku ya tisa damu bado nyekundu. Siku ya kumi na moja imefifia. Siku ya kumi na mbili tuko Gitega, nikamgusa kiuno, na mkia ukaenda pembeni mwenyewe. Komando naye alikuwa ameshapimwa, Apolline hakumwachia hata mjomba wake. Walikutanishwa siku ile na baada ya siku moja tena. Mushagalusa alivaa koti. Alisema harusi ni harusi, akatupikia mchele na samaki, akasimama akatoa hotuba ya ukoo wa Komando mpaka vizazi vitatu, na mimi nikajibu kwa ukoo wa Tabora tangu Ulyankulu, na kitanda cha mninga nikakitaja.

Njiani kurudi nilimtegea dereva: tumekwenda wawili, tunarudi wawili, lakini juu ya magunia tuko wengi. Akasema labda kuna mtu amejificha kwa ajili ya kizuizi cha polisi. Nikamwambia subiri miezi miwili nitakupa jibu.

Nyumbani nikachukua kopo la maziwa ya unga, kila asubuhi natia punje ya haragwe. Siku ya ishirini na nane Apolline alipita Muyinga na lori la mjomba wake, akaja mpaka kwetu, akampapasa Tabora tumbo kwa vidole viwili, macho amefumba. Akachukua mkono wangu akauweka. Vilikuwa pale, vigumu, vimejipanga kama mayai ya kware.

Aliacha maagizo. Asiogeshwe kwa dawa ya kupe ya mbuzi mpaka azae. Asifike zizini, hata likiwa tupu. Wiki za mwisho akae peke yake asiruke, asigombane, ale kidogo kidogo mara nne. Tulimwekea sehemu yake upande wa jiko, nikamwongezea ndagala nzima, si vichwa.

Mimba ya kwanza ilitoka siku ya arobaini na nne, au karibu na hapo. Punje ya arobaini na nne niliitia nikiwa nimepiga magoti. Fredi aliniona, akakaa karibu nami. Arobaini na tano. Arobaini na nane, ile ya Noeli. Hamsini. Siku ya hamsini na tatu Kasilda alikuja kuazima chungio ambalo analo kwake. Akasimama jikoni akimtazama Tabora, akauliza kopo limefika wapi. Siku iliyofuata akaja tena kurudisha chungio. Akawa anakuja.

Siku ya sitini na mbili ilikuwa Jumamosi, watu wote wako kwenye kazi za jumuiya, wanachimba mfereji wa barabara. Mimi niliruhusiwa kubaki kwa ajili ya mguu. Asubuhi Tabora alikataa chakula, akakwaruza magunia, akaanza kuhema. Nilivaa mifuko mikononi. Nikatoa ile kanga ya njano ya kwenye lori, imebaki uzi tu, nikaitandika.

Wa kwanza alitoka jua likiwa juu ya migomba, jike, rangi ya udongo. Tabora alimlamba, akakata kitovu, akala kondo. Nilishtuka nikanyoosha mkono kumzuia, kisha nikakumbuka nilishamuuliza Apolline. Hilo ni lake mwenyewe, limetoka kwake, na ni safi. Nikarudisha mkono. Nikamwambia: chukua, umefanya kazi.

Wa pili, wa tatu. Wa nne alikuja kimya, amelegea kama soksi. Nilimfuta pua, nikamsugua kwa kanga, mgongo na kifua, nikimwita majina yote ya ukoo wao. Alipiga chafya. Akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Wa tano hakupumua, nilisugua mpaka vidole vikafa ganzi, na nikamfunga kwenye kipande cha gunia. Nilimlilia kidogo huku nikiwahesabu wanne wanaonyonya.

Fredi alirudi na jembe begani, nyuma yake Jeska na Kasilda, matope mpaka magotini. Walipiga magoti mlangoni bila kunawa. Fredi akahesabu kwa kidole, majike watatu, dume mmoja, kisha akahesabu tena kama kwamba nilikuwa nimemwibia. Akapanda juu ya kilima apate mtandao, ampigie Mushagalusa. Tulimsikia kutoka chini akisema, "Bamukwe, tumepata."

Kasilda alikuwa bado anatazama. Nikamwambia jike wa kwanza ni wake, akiacha ziwa. Atamlindia zizi, kwa kuwa mbuzi waliopimwa wanakuja mwezi ujao na yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha mpya. Lakini kuna sharti, nikamwambia, sharti la mnyororo: jike wa kwanza atakayezaliwa kwake anakwenda kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, ili ukoo huu usirudi tena kukaa kwenye tumbo moja.

Akauliza, na mbwa wake akitupa mimba je.

Nikamwambia aje mlangoni kwangu mchana, watu wakiwa wanaona, aniambie.

Alicheka, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Akanyoosha kidole kimoja, chenye matope, akagusa mgongo wa yule mdogo wa rangi ya udongo. Mtoto akakigeukia kidole akadhani ni ziwa.